Uwakili wa Nchi na Haki ya Jirani: Maneno kwa Waamini na Walimu Siku ya Jubilei



Nimeagizwa niseme nanyi juu ya makampuni na kazi kubwa zinazofunguliwa katika nchi yetu, na juu ya deni lao kwa ardhi na kwa watu. Huenda wengine watashangaa, wakisema: Habari za namna hii zina nini na sikukuu ya Kanisa? Nami nitawajibu kwa jina lenyewe la sikukuu. Katika Sheria ya Musa, mwaka wa hamsini parapanda ilipigwa nchini kote. Shamba liliachwa lipumzike. Aliyeuza urithi wake kwa ajili ya umaskini alirudishiwa. Na aliyekuwa mtumwa alikwenda kwao. Tazameni basi, mambo mawili yalifungwa pamoja tangu zamani: raha ya ardhi na haki ya mtu. Anayesherehekea Jubilei kwa ngoma na pilau tu, asifikiri habari ya ardhi na ya mnyonge, ameshika ganda akaacha kiini.

Neno la kwanza: Kampuni ni kitu gani

Kampuni ni kama mtu aliyeumbwa na sheria. Hununua, huuza, hushtaki na kushtakiwa. Lakini mtu huyu hana tumbo la kuona njaa, hana mapafu ya kuvuta vumbi, wala hana mtoto atakayekunywa maji ya mto baada yake. Tena ikifilisika, mwenye hisa hupoteza fedha aliyoiweka, wala haulizwi zaidi. Sheria imeruhusu hivyo kwa sababu njema, ili watu wengi wathubutu kuweka fedha zao pamoja na kufanya makubwa ambayo mtu mmoja hayawezi. Sisemi kwamba ni dhambi. Nasema kwamba kiumbe asiye na mwili hawezi kuwa na haya usoni. Basi sharti dhamiri yake itafutwe mahali. Nayo hukaa katika baraza la wakurugenzi, yaani wale wachache wanaoketi mezani, wanaosoma hesabu, na kutia sahihi. Hao ndio mawakili. Na wakili, kama tulivyofundishwa katika Injili, ataitwa siku moja atoe hesabu.

Zamani watu walidhani kwamba hesabu hiyo ni ya fedha peke yake, nayo hupelekwa kwa wenye hisa tu. Leo haitoshi. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 yawataka wakurugenzi wayafikiri pia maslahi ya wafanyakazi. Na mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni zilizotungwa na Profesa John Ruggie, zenye nguzo tatu: serikali iwalinde watu, kampuni iziheshimu haki zao, na aliyeumizwa apate njia ya kutengenezewa. Kanuni hizo zaiambia kampuni isingoje mpaka ishtakiwe, bali ichunguze yenyewe kabla ya kuanza, nani ataumia kwa kazi yake, na imzuie mdhara asifike. Kanisa lilikwisha kusema jambo la jinsi hiyo mapema. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwatetea wafanya kazi katika barua yake ya mwaka 1891. Na Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani.

Neno la pili: Shamba la Naboti

Ninyi nyote mwaijua habari ya Naboti na mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka shamba la mizabibu lililokuwa karibu na nyumba yake. Naboti akakataa kuuza urithi wa baba zake. Kwa kawaida twamlaumu Ahabu kwa tamaa na Yezebeli kwa ukatili. Lakini leo nawaomba mwatazame watu wengine katika habari hiyo, watu ambao hatuwakumbuki. Yezebeli hakumwua Naboti kwa mkono wake. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee wa mji. Nao wazee waliitisha mkutano, wakawaketisha mashahidi wawili wa uongo, wakafanya kama barua ilivyosema. Kila jambo lilikuwa na sura ya utaratibu: palikuwa na barua, muhuri, mkutano, mashahidi na hukumu. Kitu kimoja tu kilikosekana, ndiyo kweli. Na mfalme alipokwenda kulitwaa shamba, huenda alijiambia kwamba mikono yake ni safi, kwa kuwa mambo yote yalipita barazani.

Ndugu zangu, hatari ya siku zetu ndiyo hiyo. Si mara nyingi mtu huja na bunduki kunyang'anya shamba. Huja na karatasi. Na karatasi yataka wazee wa mji.

Neno la tatu: Yaliyotupata sisi

Nchi hii ya Songea yajua gharama ya kazi inayofanywa bila ya haki. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 huko Umatumbi, ambako watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya amri, kwa malipo madogo mno hata wengine waliona aibu kuyapokea. Vita vikaenea mpaka kwetu. Misioni ya Peramiho ikachomwa moto mwaka huo huo. Na tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa hapa Songea. Kisha ikaja njaa, kwa maana mashamba na maghala yaliteketezwa. Walioagiza pamba walihesabu marobota. Hawakuihesabu hasira ya watu, wala njaa ya watoto. Hesabu isiyoandikwa ililipwa kwa damu.

Lakini tunayo mifano ya heri pia. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo waliunga chama chao cha ushirika, NGOMAT, wauze mazao yao kwa pamoja. Miaka ya sitini vijiji vya Litowa na jirani zake vilikuwa na umoja wao, ambao wanachama wenyewe waliketi na kuamua juu ya kazi na mapato, mpaka ulipovunjwa mwaka 1969. Na Wamatengo, tangu enzi za mababu, wamelima mashimo ya ngoro kwenye miteremko mikali: hulaza majani mistari kwa mistari, huyafunika kwa udongo, na mvua ikija maji hutua shimoni badala ya kuuchukua udongo bondeni. Hakuna aliyewafundisha neno geni la kuhifadhi mazingira. Walijua tu kwamba mlima ukivuliwa nguo hauna wa kuuvika tena. Ndiyo maana nasema: uwakili wa nchi haukuletwa kwetu na wageni. Tuliukuta kwa wazee wetu.

Neno la nne: Makaa ya mawe na urani

Sasa twatazama siku zetu. Huko Ngaka, katika Wilaya ya Mbinga, makaa ya mawe yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na kampuni ya TANCOAL, iliyoanzishwa kwa ubia: asilimia 30 zilikuwa za Shirika la Maendeleo la Taifa, na 70 za kampuni ya Intra Energy ya Australia. Makaa hayo yamewasha tanuru za viwanda vya saruji vya nchi yetu. Na tangu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, malori yameyachukua kwa wingi mpaka bandari ya Mtwara, yakavuka bahari. Kazi zimepatikana, na biashara imechangamka barabarani. Tusiwe watu wa kukataa neema. Lakini anayekaa kando ya njia ya malori ajua vumbi ni nini. Na mama achotaye maji bondeni ana haki ya kuuliza yatokayo shimoni yanakwenda wapi. Maswali hayo si uadui wa maendeleo. Ni sehemu ya hesabu.

Katika Wilaya ya Namtumbo, penye mto Mkuju, iko urani. Pori la Selous liliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1982. Mwaka 2012 mpaka wake ulibadilishwa, ili sehemu yenye urani itoke nje. Mwaka 2013 leseni ya kuchimba ilitolewa kwa kampuni ya Mantra, iliyo chini ya Uranium One ya Urusi. Na mwaka 2025 mtambo wa majaribio ulizinduliwa. Hapa nawaomba walimu wa hesabu wanisikilize. Katika mabaki ya mawe ya urani imo radi, nayo hupungua nusu yake kwa muda wa miaka kama 1600. Leseni ya mgodi hutolewa kwa miaka ya kuhesabika tu. Mkurugenzi hustaafu, kampuni huuzwa na kubadili jina, hata serikali hupokezana. Lakini lundo la mabaki lakaa pale pale, likiwangoja wajukuu wa wajukuu zetu. Nani atalilinda? Ndiyo sababu sheria hudai kampuni iweke dhamana ya fedha ya kuitengeneza ardhi mgodi utakapofungwa. Basi haifai tungoje siku ya kufunga ndipo tuulize dhamana iko wapi. Huulizwa siku ya kufungua.

Wala msidhani kwamba hofu hizi ni za bure. Katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, maji yenye sumu yaliingia mto Tigithe mwaka 2009. Na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la mabaki. Jirani zetu wa Chingola, Zambia, watu 1,826, walilalamika kwamba mgodi wa shaba umewaharibia maji na mashamba. Na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba wanaweza kuishtaki huko huko London kampuni ya Vedanta, iliyo mama wa kampuni ya mgodi. Fundisho lake ni kubwa: mama hawezi kujificha nyuma ya mwanawe, akisema, Si mimi, ni mtoto. Na huku kwetu, tangu mwaka 1988, watu wa Tabata, Dar es Salaam, walishinda kesi juu ya halmashauri ya jiji iliyowatupia takataka karibu na nyumba zao. Jaji Lugakingira alikataa kuipa halmashauri ruhusa ya kuendelea, akaona kwamba kuwachafulia watu hewa ni kuhatarisha haki yao ya kuishi. Hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa wakaao Tabata tu.

Neno la tano: Maungamo yangu

Nimesema juu ya wazee wa mji. Sasa sharti nijiseme mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea wengine kidole.

Nilipokuwa mwalimu kijana niliwekwa niandike muhtasari wa mkutano wa kijiji kimoja. Watu wa kampuni moja walikuja kuomba mahali pa kuchimba mawe na mchanga, karibu na kijito. Walizungumza vizuri, wakaahidi bati za madarasa. Wazee wakatikisa kichwa kukubali. Kisha bibi mmoja akasimama nyuma, mtoto mgongoni, akauliza: Na maji yetu yatakuwaje? Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akasema swali litajibiwa baadaye. Halikujibiwa. Nikaambiwa: Mwalimu, andika, wote wamekubali. Nami nikaandika hivyo. Swali la yule bibi sikuliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na muhuri ukapigwa juu yake.

Bati zilikuja, si zote. Kijito kikawa matope msimu wa pili. Nikawaona akina mama wakipita mbele ya shule alfajiri, ndoo kichwani, wakienda mbali kuliko zamani. Na wasichana wa darasa langu walichelewa, nami kwa ujinga wangu niliwaadhibu kwa kuchelewa. Mmoja wao alikuwa binti wa bibi yule. Siku nilipoelewa kwamba nawapiga watoto kwa kosa nililoliandika kwa mkono wangu, nilikwenda kwa Padre kuungama. Padre aliniondolea dhambi; lakini akaniambia kwamba kitubio changu ni kurudi kijijini na kusema kweli mkutanoni. Nilirudi. Kijito hakikurudi mara moja. Lakini tangu siku ile najua kwamba muhuri hauwezi kuigeuza kalamu ya uongo iwe ya kweli.

Neno la sita: Yatupasayo kutenda

Walimu, ninyi ndio mnaosoma kijijini. Sheria zimewapa watu mlango, lakini mlango usiojulikana ni sawa na ukuta. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yawapa wanakijiji sauti katika mkutano wao mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yasema kila akaaye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tena yataka athari zipimwe kabla kazi kubwa hazijaanza. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, yataka mwenye leseni aandike kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii, na kupatana juu yake na halmashauri ya mahali. Na Katiba, ibara ya 27, yamwagiza kila mtu ailinde mali ya asili ya nchi. Basi kampuni ikija, yatupasa kuuliza kwa adabu, bila ya matusi wala woga:

Kwanza, ninyi ni nani, na mama yenu ni nani, na katika baraza lenu nani anajibu juu ya maji, ardhi na watu?

Pili, athari zimepimwa, na taarifa yake iko wapi, nasi tutasomewa kwa Kiswahili?

Tatu, nani atahamishwa, atalipwa nini, na lini: kabla ya kuhama au baada?

Nne, tukiumia tumpelekee nani malalamiko, na tutajibiwa kwa siku ngapi?

Tano, mtakapoondoka mtaiacha nchi katika hali gani, na fedha ya kuitengeneza imewekwa wapi?

Majibu yaandikwe, na maswali yaandikwe. Hasa maswali ya wanawake, maana wao ndio wachotao maji. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya sahihi. Karatasi iliyoletwa ikiwa imekwisha kuandikwa, mwalimu asiitie kalamu yake.

Neno la mwisho: Nyumba yetu wenyewe

Lakini Bwana alisema habari ya kibanzi na boriti. Kanisa nalo lina mali: mashamba, misitu, karakana, shule, hospitali. Masista wa Chipole wana mtambo wa umeme wa Tulila katika mto Ruvuma, uliowaka mwaka 2015. Na mto huo watoka katika milima ya Matogoro, hapa karibu na mji. Misitu ya Matogoro ikiisha, sala hazitazungusha mitambo. Basi tuanze hapa. Je, mpishi wa misioni na mlinzi wa usiku wanapata mshahara wa haki, tena kwa siku yake? Je, tukichoma matofali, tumepanda miti mingapi badala ya ile tuliyokata? Mkulima wa tumbaku akaushaye kwa moto, amepanda? Halmashauri ya parokia inawasomea waamini hesabu? Tukiwataka wakurugenzi wa mbali wafungue vitabu vyao, vyetu visifungwe kwa kufuli.

Naomba basi kila parokia ichague neno moja la kutenda kabla mwaka huu haujaisha: chanzo kimoja cha maji kizungushiwe miti, au hesabu isomwe hadharani, au mshahara uliocheleweshwa ulipwe. Jubilei ya Waisraeli haikuisha kwa kupiga parapanda. Iliisha shamba liliporudishwa kwa mwenyewe.

Yule bibi aliyeuliza habari ya maji amekwisha kufa. Mungu amlaze mahali pema. Swali lake halikufa. Siku ya hesabu, nadhani Mungu hataniuliza mwandiko wangu ulikuwa mzuri namna gani. Ataniuliza: Yule mama alisema nini? Basi tumwombe atujalie tuwe na masikio ya kusikia leo, na mikono ya kuandika kweli, ili watoto wetu wapate nchi iliyo hai na jina lisilo na aibu.

Tumsifu Yesu Kristu.